Kigoda cha Mzee Bukuru

Matanga ya mama yangu yalipomalizika, dada zangu waligawana vitenge, masufuria na kitanda cha chuma. Mimi niliomba kata moja tu: kibuyu kilichopasuliwa ubavuni na kutiwa mpini wa mti, cheusi kwa masizi, chenye ufa ulioshonwa kwa uzi wa katani. Dada yangu mkubwa, Venansia, alicheka huku macho yakiwa bado mekundu. "Msomi mzima! Vitu vyote hivi, wewe unachukua kata?" Nikamwambia kila mtu achukue anachokijua. Nilipofika kwangu niliitia maji ya moto ili niioshe, na harufu ya unga wa njano ulioungua kwenye kitako cha pipa ikapanda. Au nilidhani imepanda. Kwa kuwa sipendi kutoa ushahidi wa jambo nisilo na hakika nalo, nitaliacha hapo.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kasulu miaka ya unga wa njano mmesikia mengi juu ya lile jiko lililokuwa nyuma ya ghala la Mzee Shamte. Nami nimeyasikia, misibani na harusini, na kila yanaposimuliwa yanaongezewa kipande. Sitayarudia. Nitaandika niliyoyaona kwa macho yangu nikiwa mtoto niliyekuwa nimeng'oka meno ya mbele, na yale ambayo mama aliniambia kwa kinywa chake. Nisichokijua nitasema sikijui.

Jiko lenyewe lilikuwa uwanja wa udongo mwekundu, na sehemu yake moja ilikuwa imeezekwa kwa mabati yaliyoegemezwa kwenye mikaratusi. Asubuhi ukungu wa nyanda zetu ulikuwa unashuka mpaka magotini, na watu walikuja ndani ya ukungu huo wakiwa wamejifunika magunia, hivi kwamba mtoto aliweza kudhani ni magunia yanayotembea. Baadhi yao walikuwa wamevuka mpaka kutoka Burundi, wengi kwa miguu kupitia upande wa Kibondo, na walikuwa hawajapata mahali pa kukaa. Wengine walikuwa watu wetu wenyewe: familia zilizohamishiwa vijiji vipya kabla hazijavuna mashamba ya zamani, wajane kutoka Nyakitonto, wazee ambao watoto wao walikuwa wamekwenda kutafuta kazi wasirudi. Mvua nazo zilikuwa zimetunyima. Kina mama wa kanisa waliomba unga serikalini, na Mzee Shamte, mwenye duka ambaye baba yake alitoka pwani, alitoa uwanja, kuni na chumvi. Mama yangu alikuwa mjane aliyewahi kupika katika shule ya bweni. Wakamwomba ashike mwiko.

Unga ulikuja katika magunia yenye maandishi ya kigeni, nao ulikuwa wa njano kama kiini cha yai. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuona mahindi yasiyo meupe. Mama alipika uji asubuhi, na mchana ugali na maharage, katika mapipa yaliyokatwa nusu na kuwekwa juu ya mafiga makubwa. Uji ule ulikuwa unang'aa. Nilikuwa nautamani kuliko kitu chochote, lakini mama alikuwa amenikataza kabisa.

"Chakula hiki ni cha watu wasio na jiko," alisema. "Wewe una jiko nyumbani."

"Lakini kwetu hakuna uji wa njano, mama."

"Basi shukuru."

Kila siku, kabla mtu yeyote hajapewa, mzee mmoja alikuwa anaitwa mbele. Jina lake lilikuwa Bukuru, jina ambalo huku kwetu, kama ng'ambo ya mpaka, hupewa pacha anayetangulia kuzaliwa. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti la mvua lisilo na vifungo alilolifunga kiunoni kwa kamba ya mgomba. Alikuja bila mke, bila mtoto, bila pacha wake. Hayo yaliyompata huko alikotoka sikumsikia akiyasema hata mara moja, na wanaodai aliwasimulia siwaamini.

Alikuwa na kigoda chake kando ya pipa, kigoda cha miguu mitatu ambacho Mzee Shamte alikitoa dukani. Alikaa, akanyoosha mgongo, na mama akamkabidhi ile kata ikiwa imejaa, kwa mikono miwili. Uwanja mzima ulinyamaza. Bukuru alikunywa taratibu, akafumba macho. Kisha alisubiri, na sote tukasubiri pamoja naye.

"Mzee, inasemaje?" hakukosekana mtu wa kuuliza kutoka kwenye foleni.

"Tulia. Ndiyo kwanza imeingia, bado inasalimiana na tumbo."

"Maamkizi gani hayo marefu? Sisi tunakufa huku!"

"Wewe umeanza kufa tangu juzi na hujamaliza. Subiri kidogo."

Watu walicheka, lakini hakuna aliyesogea. Baada ya muda Bukuru alifumbua macho, akagonga ukingo wa pipa kwa mpini wa kata, ko, ko, ko, na kusema neno moja: "Nipo." Hapo ndipo mabakuli yalipoanza kunyooshwa.

Nilimwonea wivu kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nimesikia habari za watemi wa zamani wa Buha, nchi yetu sisi Waha, jinsi walivyopewa cha kwanza katika kila kitu, na sikuwa na shaka kwamba nilikuwa namtazama mmoja wao. Kwani nani mwingine hula mbele ya watu wote, juu ya kigoda, watu wakiwa wamenyamaza? Siku moja nilimuuliza mama kwa nini yeye ndiye anayetangulia. Alikuwa anakoroga, na moshi ulikuwa unamwingia machoni. Mwanamume mmoja aliyekuwa anapasua kuni akamjibia: "Si ni Bukuru? Huyo alitangulia hata kuzaliwa!" Wakacheka, mama hakucheka, nami nikaridhika. Jibu lile lilikuwa na mantiki kamili.

Kulikuwa na jambo jingine nililoliona, na kwa hili naweza kuapa. Mapipa yalipofikia nusu, Bukuru alikuwa anapewa fungu lake katika bakuli la bati, nalo hakulila. Alilichukua mpaka nyuma ya ghala, kwenye rundo la magunia matupu, alikokuwa anakaa mwanamke kijana aitwaye Spesioza pamoja na mtoto wake wa mgongoni. Bakuli lilirudi tupu. Nilimfuata zaidi ya mara moja. Spesioza alikuwa anakataa kwa kichwa, na mzee alikuwa anasema kwa lugha yao, ambayo inafanana sana na Kiha chetu hata mtoto aliweza kuifuata: "Nimeshakula mbele ya watu wote, mwana wanje, mwanangu. Hukuniona?" Mimi nilifikiri ndivyo watemi wanavyofanya. Wakishiba, huwapa raia.

Kadiri siku zilivyokwenda kikohozi chake kiliongezeka. Koti lilizunguka mwili wake mara mbili. Alikuwa anashika kata kwa mikono miwili, na baadaye mama akawa anaishikilia chini kwa kiganja chake. Bado alisema "Nipo", ila sauti ilifika tu kwa walio mbele, nao waliipokezana kwenda nyuma: yupo, yupo, yupo.

Asubuhi moja hakuja. Walimkuta nyuma ya ghala, ubavuni mwa rundo la magunia, amejikunja kama mtu anayelinda moto. Mzee Shamte alileta shuka jeupe kutoka dukani ingawa marehemu hakuwa wa dini yake, na wanaume wakamzika kabla ya adhuhuri.

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo wakati ule sikulijua, na ambalo kila mtu mzima uwanjani alilijua. Kwa watu wetu, na kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, anayekupa kinywaji au chakula hukionja kwanza machoni pako. Ni heshima, lakini chini ya heshima ipo hofu ya sumu. Jirani kwa jirani, mwenye nyumba huonja na mambo yakaisha. Lakini hapa walikusanyika watu wasiojuana, wengine wamekimbia mauaji ambayo jirani alimfanyia jirani, wakapewa unga wa rangi wasiyoifahamu. Mama alipojaribu kuonja mwenyewe siku za mwanzo, walikataa. Mpishi mwenye sumu, walisema, huwa amekwisha kunywa dawa ya kuizima. Ilihitajika aonje mtu asiye na upande, asiye na cha kuficha, na ambaye kama angeanguka, hapangekuwa na mtoto wa kulia. Bukuru alisimama akasema, "Mimi hapa." Hivyo ndivyo alivyokipata kigoda chake.

Sasa mtu huyo alikuwa amekufa.

Mama Adela, jirani yetu aliyekuwa anauza maandazi sokoni, alifika uwanjani kabla udongo wa kaburi haujakauka. "Mama Venansia, nakupenda ndiyo maana nakuambia," alisema, kwa sauti ambayo foleni nzima iliweza kuisikia. "Unga huu unaua polepole. Kibondo umekwisha kuua watu."

"Umeona au umesikia?" mama aliuliza.

"Nimesikia. Lakini kwa mtu aliyeona!"

"Mlete huyo aliyeona."

"Ee! Nimlete nani? Mimi ni mpita njia tu."

Hakumleta. Tangu siku hiyo nimekutana na watu wengi waliosikia kwa aliyeona, na katika maisha marefu ya kusoma na kufundisha sijawahi kuletewa hata mmoja aliyeona.

Siku iliyofuata mama alipika kama kawaida. Uji ulichemka, ukaiva, ukaanza kushika utando juu. Watu walikuja, kwa sababu njaa haiwezi kukaa nyumbani, na hasa pale ambapo hakuna nyumba. Waliketi wakiwa na mabakuli yao magotini. Hakuna aliyesimama. Mtoto mmoja alilia, mama yake akamziba mdomo kwa kiganja. Mama alikunywa mwenyewe kata nzima mbele yao. Walimtazama kwa upole, kama mtu anayetazama mwenzake akizungumza lugha asiyoijua.

Mzee Shamte alisimama mlangoni mwa ghala, tasbihi mkononi. "Mama Venansia," alisema chinichini, "mimi sina neno nawe, Mungu anajua. Lakini wasipokula leo, kesho nafunga lango. Siwezi kukaa na watu wanaoniona nawalisha sumu uwanjani kwangu."

"Ukifunga watakwenda wapi, Mzee?"

"Sijui. Wallahi sijui."

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya pipa, nikikitazama kigoda. Kilikuwa kitupu. Akili yangu ya kitoto iliona jambo moja tu: mtemi amefariki, kiti kiko wazi, na watu wote hawa wanasubiri atokee wa kukikalia ndipo wale. Nilishangaa kwamba watu wazima hawakuligundua jambo jepesi kiasi hicho. Nikaenda, nikaketi, nikanyoosha mgongo kama nilivyomwona yeye akifanya. Nikachota uji kwa kata, nikanywa.

Sitasahau ladha yake. Ulikuwa mzito, wa chumvi kidogo, wenye uchungu wa kuungua chini. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mama alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kwangu na mkono huo ulikuwa umesimama hewani.

"Usimwondoe," sauti ya mwanamume ilisema kutoka katikati ya watu. Haikuwa sauti ya ukali, ilikuwa inasihi. "Mama, tunakuomba. Mwache mtoto akae hapo tumwangalie."

Mama alinitazama. Nilidhani amekasirika kwa kuwa nimevunja amri ya kutokula chakula cha watu. Kisha akaushusha mkono, akaukunja ndani ya kitenge, na kusema: "Kaa hapo hapo. Usishuke."

Nikakaa. Macho yote ya uwanja ule yalikuwa juu yangu: wazee, wanawake, watoto wa rika langu wenye nywele zilizogeuka rangi ya kutu. Nilijiona mkubwa. Nilining'iniza miguu, nikainua kidevu. Jua lilivunja ukungu na kuanza kunipiga kisogoni, na bado walinitazama. Kila nilipojikuna, watu walisogea mbele kidogo. Nilipopiga chafya, mwanamke mmoja alipiga ishara ya msalaba. Nilifurahi kupita kiasi, kwa maana sikuwahi kutazamwa na watu wengi namna ile. Mama peke yake hakunitazama. Alikuwa amegeukia pipa, anakoroga uji uliokwisha kuiva, anakoroga, anakoroga.

Aliyevunja kimya ni Spesioza. Alitoka nyuma ya ghala na mtoto mgongoni, akiwa ameshika lile bakuli la bati la Bukuru. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, na watu walilazimika kuinama ili wamsikie.

"Mnamtazama mtoto wa watu mpaka lini?" alisema. "Nitazameni mimi. Fungu la mzee lilikuwa linakuja kwangu. Kila siku. Nililila mimi na huyu wangu. Kama ni sumu, mbona tuko hai?"

"Lakini yeye alikunywa mbele yetu," mtu alibisha.

"Ego, ndiyo, alikunywa. Kata ile moja ya kuwaonjea ninyi. Ndiyo iliyokuwa chakula chake." Akapumua. "Uji haukumuua mzee. Alikufa kwa sababu hakuupata. Aliniambia ameshiba, nami nilikuwa na njaa, nikamwamini."

Akafika kwenye pipa, akanyoosha bakuli. Mama alimjazia mpaka ukingoni. Spesioza akanywa akiwa amesimama, machozi yakidondokea humo humo ndani ya bakuli, na alipomaliza akalinyoosha tena. Ndipo nilipokumbuka wajibu wangu. Nikagonga ukingo wa pipa kwa mpini wa kata, ko, ko, ko, na kwa sauti yenye kithembe cha mtoto asiye na meno ya mbele nikasema: "Nipo."

Watu walikula. Sijawahi kusikia tena chakula kingi kiasi kile kikiliwa kimya namna ile.

Mzee Shamte hakufunga lango. Jiko liliendelea mpaka malori yalipokuja kuwachukua wageni kwenda kwenye makazi waliyopangiwa, na watu wetu walipovuna mihogo yao ya kwanza Rungwe Mpya na katika vijiji vingine vipya. Spesioza alipanda lori akiwa na bakuli la bati. Kama yeye na mtoto wake walifika salama, sijui. Watu wawili tofauti wamenieleza habari zake, nazo zinapingana.

Muda wote huo mimi ndiye niliyekaa juu ya kigoda. Maneno ya Spesioza yaliwatia aibu, lakini hofu hayakuitoa yote. Kila asubuhi foleni ilimwomba mama amlete "mtemi mdogo", na kila asubuhi mama alinijazia kata kwa mikono miwili na kugeukia upande wa pili. Nilikua nikijivuna. Nilikuwa tayari kijana wa sekondari siku mama aliponieleza kigoda kile kilikuwa cha kazi gani. Tulikuwa tunachambua maharage. Kwa ukaidi wa msomi mchanga, nikamuuliza kama siku ile aliamini kabisa kwamba unga ulikuwa mzima.

"Niliupika mwenyewe," alijibu. "Niliujua."

"Basi hukuwa na hofu."

Alitupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharage. "Nilijua ni mzima," akarudia. "Na kila usiku niliweka mkono wangu kifuani mwako."  Hapo nilianza kuona ambacho nilikuwa nakiona siku zote bila kukitambua: tangu utoto wangu mama hakunipa chai, maziwa wala maji ya kunywa pasipo yeye kutangulia kumeza funda moja. Nilidhani ni mazoea ya wapishi.

Katika ugonjwa wake wa mwisho nilimhudumia mimi, nyumbani kwake, dada zangu wakiwa mbali. Alikuwa hataki tena kula. Siku moja adhuhuri nilimpikia uji mwepesi, nikauchota kwa ile kata kwa sababu kikombe kilikuwa kinamlemea, nikaketi kando ya kitanda. Uji ulikuwa wa moto. Nikainua kata kuelekea mdomoni mwangu ili niujaribu.

Mkono wake ulitoka chini ya blanketi. Siku hizo mkono ule haukuweza hata kufukuza nzi, lakini ulinishika kiganja kwa nguvu ambayo sikujua imetoka wapi, ukaigeuza kata, ukaivuta kwake. Akanywa funda moja. Uji mwingine ulimwagika shingoni. Alifumba macho, akasubiri, nami nikasubiri. Nje hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa kuku.

Kisha akayafumbua, akaniangalia usoni kama mtu aliyeahirisha kuangalia kwa miaka mingi.

"Nipo," alisema. "Sasa kunywa wewe."

Nikanywa.